Kabla hujamtafuta samaki anayejifanya amekufa, hesabu saa za kupanda Tukuyu

Kila anayeniuliza habari za kuzamia na mtungi kule Matema, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, huanza na samaki: anaonekana wapi, mwezi gani, kina gani. Mimi hupenda kuanza na barabara ya kurudi Mbeya, kwa sababu hatari kubwa ya safari hii iko barabarani. Wengi wetu tulijifunza kuzamia Dar au Unguja. Kule ukitoka majini unavua suti, unapanda bajaji na kwenda nyumbani, na nyumba iko usawa uleule wa bahari. Matema ukitoka majini, nyumbani ni juu mlimani, na mlima wenyewe si mdogo.

Ziwa Nyasa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700. Katikati kuna Tukuyu, halafu Kiwira, halafu ule mpando wa Isyonje ambapo barabara inavuka safu ya Uporoto kwenye zaidi ya mita 2,000. Hewa ya pale juu ina mgandamizo usiofika asilimia 80 ya ule wa pwani. Mtu wa kawaida hahisi kitu zaidi ya masikio kuziba na baridi ya ghafla. Lakini mtu aliyetoka kuzamia asubuhi ile amebeba naitrojeni iliyoyeyuka kwenye damu na minofu wakati akipumua hewa yenye mgandamizo mkubwa chini ya maji. Naitrojeni hiyo hutoka yenyewe kupitia mapafu, taratibu, kwa saa nyingi. Ukiupunguza mgandamizo wa nje kabla haijamaliza kutoka, inageuka mapovu ndani ya mwili. Viungo vinauma, ngozi inawasha, miguu inakufa ganzi, na hali ikiwa mbaya zaidi uti wa mgongo unadhurika. Kupanda Isyonje kwa Coaster saa tatu baada ya kutoka majini hakuna tofauti na kupanda ndege saa tatu baada ya kutoka majini.

Hivyo kanuni ya ndege ndiyo kanuni yetu. Shirika la usalama wa wazamiaji, DAN, linashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja usiohitaji vituo vya kupunguza mgandamizo (kusimama kwa muda ndani ya maji wakati wa kurudi juu), na angalau saa 18 kama umezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Ushauri huo unahusu kupanda hadi mwinuko wa kati ya mita 600 hivi na 2,400. Ukitazama ramani utaona Tukuyu yenyewe imo, Isyonje imo, Mbeya imo. Kyela mjini na Ipinda bado ni chini, huko unaweza kwenda kula na kulala bila wasiwasi.

Mimi husubiri zaidi ya hapo. Ninazamia Jumamosi asubuhi, mara moja tu, na ninapanda gari kurudi Jumapili alasiri. Wenye haraka huniona nazidisha. Nawajibu kwamba DAN wanaposema 12 wanasema angalau, na kwamba chemba ya mgandamizo ya kutibu ugonjwa huu wa mapovu ninayoifahamu iko Zanzibar. Fikiria maana yake kwa mtu aliyeumia Matema: ili afike kwenye ndege lazima kwanza apandishwe milima, kwa kuwa uwanja wa Songwe wenyewe uko juu ya mita 1,300, halafu arushwe angani tena. Kila hatua ya kumpeleka kwenye tiba inazidisha ugonjwa. Ndiyo maana ukizamia ziwani huku unazamia kifupi, kwa kina kidogo, na unaacha akiba kubwa kuliko ile uliyozoea pwani.

Kitu kingine kinachosahaulika ni miguu. Matema imeegemea Milima ya Livingstone, na njia za kupanda kuelekea kwa Wakinga zinaanzia karibu kabisa na ufukwe. Mgeni akimaliza kuzamia asubuhi, mchana anaona mlima unamwita. Usiende. Kupanda kwa miguu ni kupanda vilevile, na juhudi ya misuli inaongeza uwezekano wa mapovu. Kama mnataka mlima, pandeni siku moja kabla ya kuzamia. Jumamosi mchana nenda sokoni Lyulilo ukaangalie vyungu vya Wakisi vinavyoletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Ni tambarare, ni karibu, na vyungu vile ni vizuri kweli.

Sasa samaki.

Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Walio wengi ni wa jamii ya perege, aina zaidi ya 700, na karibu wote hawapatikani kwingine. Kila aina imejitafutia riziki yake. Wapo wanaokwangua kijani kwenye mawe, wapo wanaochuja mchanga mdomoni, wapo wanaonyofoa magamba ya wenzao. Ninayemfuata mimi ana riziki ya ajabu kuliko wote niliowahi kuwaona. Kwa kitaalamu anaitwa Nimbochromis livingstonii. Anafika urefu wa sentimita 25 hivi, mwili wake ni mweupe uliochafuka, na juu ya weupe huo kuna mabaka makubwa ya kahawia yasiyo na mpangilio. Akitaka kula, anajilaza chini kwa ubavu na kutulia. Mabaka yale yanamfanya aonekane mzoga ulioanza kuoza. Samaki wadogo wanakuja kudonoa mzoga, na mzoga unawameza.

Mtafiti Kenneth McKaye aliandika tabia hii mwaka 1981 baada ya kuitazama ziwani, chini ya maji, kwa macho yake. Kabla ya kumwona mwenyewe nilikuwa nimesoma tu, na kusoma hakukunitosha.

Niliyemwona alikuwa mahali mchanga unapokutana na mawe, pembeni mwa kichaka cha majani marefu ya maji, kwenye kina kisichozidi mita 10. Kwanza alikuwa anaogelea polepole, peke yake, karibu na chini. Akasimama. Akainamisha kichwa, akalala ubavu wa kushoto mchangani, akajitikisa kidogo hadi vumbi la mchanga likamfunika mapezi, kisha akaacha kabisa kutikisika. Hata mimi niliyemwona akilala ilibidi nitazame matamvua yake ili niamini kwamba yu hai: yalikuwa yakifunguka kidogo mno, kwa nafasi ndefu. Vitoto vya samaki, vyenye urefu wa kidole, vikaanza kusogea. Kimoja kikadonoa mkia. Hakushtuka. Cha pili kikaja upande wa kichwa, na hapo akajirusha kwa ubavu, bila kuinuka kwanza, mdomo ukiwa wazi. Mchanga ulipotulia alikuwa amesimama wima kama samaki yeyote, na kile kitoto hakikuwepo.

Ningependa kila anayekwenda Matema alione jambo hili, ndiyo sababu nitasema kwa kirefu namna ya kumtafuta.

Usiende kwenye mawe matupu. Upande wa mashariki wa Matema, ukielekea Ikombe, milima inaingia ziwani moja kwa moja na mawe makubwa yanashuka hadi usipoona mwisho. Ni pazuri, kuna samaki wadogo wa buluu na njano wanaojaa kila ufa, na mtu anaweza kumaliza mtungi wake hapo kwa furaha. Lakini mwindaji wetu anapenda mchanga, na hasa mpaka wa mchanga na kitu kingine: mawe machache, majani, mti uliozama. Pia huhitaji kumfuata kwenye kina kikubwa kama watu wanavyodhani. Kati ya mita 5 na 12 kunatosha kabisa, na hii ni bahati yetu, kwa sababu mzamio wa kina hicho ndio unaokuachia mwili mwepesi wa kupanda Uporoto kesho yake.

Ogelea sambamba na mpaka huo, wewe na mwenzako mkiwa bega kwa bega, mita moja na zaidi juu ya mchanga. Mapezi yenu yasiguse chini, maana vumbi likiinuka mmeshamaliza kazi. Angalia vilima na mashimo ya duara mchangani: hayo hujengwa na madume ya aina nyingine kuita majike, na penye mikusanyiko ya samaki wadogo wawindaji hawakai mbali. Ukiona samaki amelala, usimkimbilie. Simama mbali, mita 3 au zaidi, na utazame jicho. Samaki aliyekufa kweli jicho lake huwa na ukungu, na rangi zake hufifia. Huyu wetu jicho lake ni safi, na mabaka yake yanabaki yamekolea.

Kuna ndugu zake wa kumchanganya. Nimbochromis polystigma naye ana mabaka, ila juu ya mabaka amenyunyiziwa madoadoa madogo mwili mzima hadi usoni. Wetu hana madoadoa hayo. Nimbochromis linni ana mdomo ulioinamia chini, naye hukaa karibu na nyufa za mawe akisubiri vitoto vitoke. Na dume la livingstonii mwenyewe akiwa katika msimu wa kuzaa hugeuka buluu, mabaka yakapotea machoni, hivyo usilalamike kwamba umedanganywa.

Ukishampata, kazi yako ni kutulia. Pumua polepole, bila kuzuia pumzi, kwa sababu mapovu makubwa ya ghafla yanawafukuza samaki wadogo, na bila wadogo hakuna mawindo. Usimguse, usimsukume kwa kijiti uone kama ni mzima. Nimeona watu wakifanya hivyo na sikufurahi hata kidogo. Mara nyingi atalala, hakuna atakayekuja, ataamka na kusogea mbele akalale tena. Mfuate kwa mbali. Kiumbe huyu anaishi kwa kusubiri, na anayetaka kumwona akila lazima akubali mwendo wake.

Kama huna cheti cha kuzamia, usikate tamaa. Miwani ya maji, mrija na mapezi vinatosha kukuonyesha mengi kwenye mita 3 za mwanzo, na anayeogelea juu juu kwa mrija hana deni la naitrojeni: anaweza kupanda Mbeya jioni hiyohiyo. Kwa familia yenye watoto wanaojua kuogelea, mimi hushauri njia hii kwanza.

Kwa wenye mitungi, kuna mambo ya vifaa ambayo maji baridi yasiyo na chumvi yanabadilisha. Maji haya yanakubeba kidogo kuliko bahari, kwa hiyo punguza vizito. Mtu wa kilo 80 na vifaa vyake atahitaji kupunguza kilo 2 hivi. Jaribu ukiwa umesimama majini karibu na boti kabla ya kushuka. Kompyuta ya kuzamia unayovaa mkononi iweke kwenye maji yasiyo na chumvi na uhakikishe imetambua mwinuko. Mashirika ya mafunzo kama PADI huhesabu kila mzamio wa juu ya mita 300 kuwa wa nyanda za juu, na ziwa letu limepita hapo. Kompyuta nyingine hujirekebisha zenyewe, nyingine zinataka ubonyeze. Soma kitabu chake ukiwa nyumbani. Mitungi sisi huibeba ikiwa imejazwa kutoka Dar, imelazwa na kufungwa imara ili isiviringike kwenye kona za Kiwira, na hatupangi mzamio unaohitaji kujaziwa tena.

Beba pia oksijeni ya huduma ya kwanza, na awepo mtu anayejua kuitumia atakayebaki kwenye boti. Hili silijadili. Kabla ya kuingia majini pita hospitali ya Kilutheri iliyopo Matema ukajue nani yuko zamu na kama wana oksijeni. Na ukipata maumivu ya viungo, uchovu mzito au ganzi ndani ya siku moja baada ya kuzamia, sema wazi kwamba ulizamia. Kyela ni nchi ya malaria, na mgonjwa mwenye viungo kuuma na mwili kuchoka atapimwa malaria kwanza, kwa haki kabisa. Daktari hawezi kubahatisha kwamba jana ulikuwa chini ya ziwa na mtungi mgongoni.

Mwezi una maana kubwa. Kyela hunyesha kuliko sehemu nyingi za nchi hii, na kuanzia Machi hadi Mei mito ya Lufilyo, Mbaka na Kiwira inaleta tope la Rungwe lote ziwani. Mei hadi Agosti upepo wa kusi unavuma kutoka upande wa mbali wa ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550, na mawimbi yanapofika kwetu kaskazini yameshakuwa makubwa. Ninapenda Septemba hadi Novemba. Maji yanapata joto, yanafika nyuzi 26 au 27, yanakuwa maangavu, na asubuhi ziwa limelala.

Lakini usiamini kalenda peke yake. Mara moja, Oktoba, nilimkuta mzee mmoja wa Kikisi akitengeneza wavu ufukweni. Nikamwamkia, nikamwambia tunataka kuzamia upande wa Ikombe.

"Marahaba, mwanangu. Leo?"

"Ndiyo, baba, asubuhi hii."

"Mto umeshuka usiku. Huko juu kwenu kumenyesha. Subiri kesho kutwa."

Juu ya vichwa vyetu anga lilikuwa safi kabisa. Tulisubiri, na jioni ile maji ya pwani nzima yalikuwa rangi ya chai. Tangu hapo sishuki bila kuuliza wavuvi. Wao pia ndio wanaojua nyavu zimetegwa wapi (beba kisu kidogo kila mara, hata kama umeambiwa hakuna nyavu) na mamba wanaonekana mdomo gani wa mto. Karibu na midomo ya mito usizamie kabisa, hata kama maji ni safi. Na kodi boti yao. Wanastahili kupata chochote kutokana na samaki wa ziwa lao asiyeishia sokoni.

Limebaki la kichocho, ambalo watu hulikwepa wakidhani linaharibu biashara ya utalii. Ziwa Nyasa lina kichocho. Konokono wanaokibeba wanapenda maji tulivu ya kina kidogo, yenye majani na mchanga, karibu na makazi ya watu. Yaani mazingira yanayofanana sana na yale ya samaki wetu. Kwa hiyo ingia majini kutoka kwenye boti, mbali na mahali watu wanapooga na kufulia, usipite kwenye matete. Vaa suti ndefu ya mikono na miguu. Ingia asubuhi mapema, kwa kuwa vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi kwenye konokono jua likiwa kali, kuanzia saa nne hadi alasiri. Ukitoka, jifute kwa taulo kavu papo hapo, kwa nguvu, usiache ukauke kwa upepo.

Hata ukifanya yote hayo, weka tarehe kwenye simu. Kipimo cha kichocho hakioni kitu siku za mwanzo, minyoo ikiwa bado haijakomaa na kutaga mayai. Subiri wiki 6 hadi 8 tangu siku uliyoingia majini, kisha nenda kapime mkojo na choo, umwambie daktari uliogelea Nyasa. Dawa yake ni prazikwanteli, inamezwa siku moja tu, lakini ukiimeza mapema mno haiwaui minyoo wachanga. Kama ulikwenda na watoto, wapeleke nao.